Triga Inaponyamaza: Mwongozo Kamili wa Kurekebisha Ruwaza Katika Skripti za Michezo ya Maandishi

Rafiki yangu anayeishi Iringa haoni, na michezo ya kompyuta anayoipenda ni ile ya maandishi matupu, kwa sababu programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA humsomea kila mstari unaoingia, tena kwa sauti ya Kiswahili. Mapigano yanapopamba moto mistari humiminika upesi kuliko sauti inavyoweza kuifuata, kwa hiyo alitega triga: mstari unaotaja uhai wa mhusika wake ukionyesha namba iliyo chini ya 30, kompyuta ipige kengele ili akimbie. Jioni moja kengele haikulia, na mhusika aliyemlea kwa miezi minne akafia ukingoni mwa Ziwa Ngozi. Alinipigia simu nikiwa nyumbani Uyole akaniuliza, "Kaka, triga si ipo palepale? Mbona nikiwa mzima inasoma 100 bila shida?"

Swali lake la pili ndilo lililobeba jibu, nami nitalirudia baada ya muda mfupi. Kwanza nieleze kwamba dunia tunayoichezea ni ndogo, imetungwa kwa Kiswahili na marafiki wachache wa Mbeya na Iringa, na vyumba vyake tumevipa majina ya huku kwetu: Soko la Mwanjelwa, Daraja la Mungu, bonde la Isimila, Kalenga. Mifano yangu yote inatoka humo. Hata hivyo, ufundi wenyewe ni uleule kwa mchezo wowote wa aina hii, kuanzia ule wa kwanza ulioandikwa mwaka 1978 na Roy Trubshaw na Richard Bartle katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, ulioitwa MUD na kuuachia ukoo mzima jina lake.

Jambo la kuelewa kabla ya hatua yoyote ni kwamba seva ya mchezo humtumia mchezaji maandishi tu. Kwa kawaida hakuna lebo inayoiambia programu yako kwamba mstari huu ni wa vita na ule ni wa maongezi. Triga husimama mlangoni na kulinganisha kila mstari unaopita na ruwaza uliyoiandika, yaani umbo la mstari unaoutafuta. Ukilingana, mtego unafyatuka na skripti, yaani amri ulizoiwekea triga, inatekelezwa. Usipolingana hata kwa nafasi moja tupu, mstari unapita zake na hakuna ujumbe wowote wa kosa unaotolewa, kwa kuwa kwa kompyuta hakuna kosa lililotendeka. Ndiyo maana triga mbovu ni hatari kuliko skripti inayolalamika.

Nitatumia programu ya Mudlet, ambayo ni ya bure na huandikiwa skripti kwa Lua, lugha iliyobuniwa Brazili mwaka 1993. Panapobidi nitataja pia MUSHclient ya Windows, na TinTin++ ambayo wenye simu za Android huiendesha ndani ya Termux, programu ya kuandikia amri. Zote tatu hutumia rejeksi, yaani ile lugha ndogo ya alama za kuelezea ruwaza, za aina ya PCRE iliyoanzishwa na Philip Hazel mwaka 1997. Ukiielewa katika programu moja, utaielewa katika nyingine.

Hatua ya kwanza: upate mstari wenyewe, usiukumbuke

Karibu kila triga niliyoombwa kuirekebisha ilikuwa imeandikwa kwa kumbukumbu. Mtu anaona mstari unapita, anausoma maana yake, kisha anaandika ruwaza ya kile anachoamini alikisoma. Jicho la binadamu husamehe mengi, na sikio la anayesomewa na NVDA husamehe zaidi, kwa kuwa sauti haitamki nafasi tupu. Kwa hiyo washa kumbukumbu ya mchezo, yaani faili linalohifadhi kila kilichoingia, cheza mpaka tukio unalolitafuta litokee, kisha fungua faili na unakili mstari kama ulivyo.

Hata kunakili hakutoshi pale tatizo linapokuwa alama isiyoonekana. Katika Mudlet tengeneza triga ya muda ya aina nyepesi kabisa, ile inayotafuta kipande cha maneno popote katika mstari, uipe neno moja tu lisilo na shaka, kwa mfano `Uhai`, na ndani yake uweke skripti hii:

```
echo("\n")
for i = 1, #line do
  echo(line:byte(i) .. " ")
end
```

Hapo kila baiti ya mstari, yaani kipande kidogo ambacho kompyuta huhifadhia alama, itaandikwa kama namba. Nilimwelekeza rafiki yangu afanye hivyo kwa simu, naye akanisomea namba hizi taratibu, moja baada ya nyingine:

```
85 104 97 105 58 32 32 50 56 47 49 48 48
```

Namba nne za mwanzo ni herufi za neno Uhai na 58 ni nukta pacha. Kisha zinakuja 32 mbili. Namba 32 ni nafasi tupu, nayo ruwaza yake ilikuwa na nafasi moja: `^Uhai: (\d+)/(\d+)`. Humo `^` ni mwanzo wa mstari, `\d+` ni tarakimu moja au zaidi, na mabano hunasa kilicholingana. Mwenzetu mmoja alikuwa amezipanga namba za uhai zikae sawasawa kwenye safu ya tarakimu tatu, ili 100, 28 na 5 ziishie mahali pamoja. Namba ikiwa 100 nafasi ni moja, ikishuka kuwa na tarakimu mbili nafasi zinakuwa mbili, ikibaki tarakimu moja nafasi ni tatu. Triga ilikuwa nzima kwa mhusika mzima, ikawa bubu tangu alipofikia 99. Kila mara aliyoijaribu aliijaribu akiwa salama, na kila mara ilijibu vizuri.

Dawa yake ni `^Uhai:\s+(\d+)/(\d+)`, ambapo `\s+` inakubali nafasi moja au zaidi. Ninapendekeza uwe na mazoea ya kuandika `\s+` mahali popote ambapo namba inatangulia au inafuata nafasi.

Ukiwa bado na orodha yako ya baiti, angalia pia namba nyingine zinazoficha matatizo. Namba 9 ni kichupo, ambacho machoni ni sawa na nafasi. Namba 13 mwishoni mwa mstari ni alama ya kurudi mwanzo, ambayo baadhi ya seva huituma kwa mpangilio usio wa kawaida na kuifanya alama ya dola, ambayo katika ruwaza ni mwisho wa mstari, ishindwe kunasa. Namba 27 ni mwanzo wa msimbo wa rangi. Mudlet huondoa misimbo hiyo kabla ya kulinganisha, lakini ukisoma mistari kutoka kwenye faili lililohifadhiwa na chombo kingine unaweza kuikuta imebaki. Jozi ya 194 na 160 ni nafasi isiyovunjika, ambayo hutokea sana pale mtunzi wa chumba aliponakili maelezo kutoka kwenye ukurasa wa wavuti.

Hatua ya pili: ujue ni nani anayekosea

Kabla hujaigusa ruwaza, hakikisha kwamba ruwaza ndiyo yenye kosa. Weka mstari huu juu kabisa ya skripti ya triga yako:

```
echo("\nNIMEFYATUKA\n")
```

Neno hilo likionekana mstari unapopita, ruwaza ni nzima na kosa liko chini yake, hivyo nenda kwenye hatua ya sita, inayohusu skripti. Lisipoonekana, usiruke moja kwa moja kuilaumu ruwaza, kwani kuna sababu nyingine. Triga inaweza kuwa imezimwa yenyewe, au folda iliyoibeba imezimwa. Skripti yenye kosa la kisarufi huifanya Mudlet ikatae kuiwasha triga. Katika MUSHclient triga hupimwa kwa mfuatano wa namba zake, na iliyotangulia kunasa huzuia zinazofuata mpaka uiruhusu upimaji uendelee. Katika TinTin++ ni triga moja tu inayofyatuka kwa mstari mmoja, na yenye namba ndogo ya kipaumbele hutangulia; usipoitaja, namba hiyo huwa 5. Nimeona watu wakiandika upya ruwaza nzuri mara kumi, kumbe triga yao ya zamani, waliyoisahau, ilikuwa ikiunyakua mstari kila unapofika.

Hatua ya tatu: ivunje ruwaza, kisha uijenge upya

Ikithibitika kwamba ruwaza ndiyo inayokataa, usiikodolee macho ukitarajia kuliona kosa. Ikate nusu. Bakiza neno la kwanza tu na uone kama inanasa, kisha ongeza neno la pili, na la tatu, ukipima kila unapoongeza. Pale inaponyamaza ndipo penye kosa, na mara nyingi utakuta ni alama moja.

Alama zinazosumbua zaidi ni zile ambazo rejeksi imezipa kazi maalumu: nukta, nyota, alama ya kujumlisha, alama ya kuuliza, mabano ya aina zote, kofia, dola, mstari wima na mkwaju wa nyuma. Chukua mstari huu wa sokoni:

```
Mfukoni una sh. 4500 (mwisho ni 10000).
```

Ukiuandika kama ulivyo, mabano hayatatafuta mabano. Yatahesabiwa kuwa kundi la kunasia, na ruwaza itatarajia neno "mwisho" lifuate nafasi moja kwa moja. Nukta yenyewe itanasa, lakini itanasa pia herufi nyingine yoyote. Kila alama ya namna hii itangulizwe na mkwaju wa nyuma: `^Mfukoni una sh\. (\d+) \(mwisho ni (\d+)\)\.$`. Kipande kikiwa kirefu na kimejaa alama hizo, kifunge kati ya `\Q` na `\E`, na PCRE itakisoma herufi kwa herufi bila kukifasiri.

Hatua ya nne: Kiswahili chenyewe

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu maelekezo mengi ya triga yameandikwa na watu wanaocheza kwa Kiingereza, ambako kitenzi hakibadiliki sana. Kwetu kitenzi hubeba nafsi, ngeli na wakati mwanzoni mwake, na ruwaza isiyojua hilo itakosea kwa namna mbili zinazopingana: itakosa mistari iliyopaswa kunaswa, na itanasa isiyohusika.

Tazama silaha zinapovunjika katika dunia yetu:

```
Kisu chako kimevunjika.
Mkuki wako umevunjika.
Shoka lako limevunjika.
Ngao yako imevunjika.
```

Mchezaji mwenye kisu huandika triga ya `kimevunjika`, inafanya kazi kwa wiki nzima, kisha siku anayoshika mkuki inanyamaza. Mwingine, kwa kutaka kukwepa ngeli, hubakiza shina tu, `vunjika`, na triga yake inafyatuka hata anaposoma "Ngao yako haijavunjika" au "Daraja likivunjika hutaweza kurudi". Ruwaza inayofaa hutaja viambishi vinavyoruhusiwa na kuvifungia humo:

```
^(\S+) (?:ch|w|l|y)ako (?:ki|u|li|i)mevunjika\.$
```

Mabano yenye `?:` hukusanya bila kunasa, hivyo kinachobaki mkononi ni jina la silaha peke yake, ambalo Mudlet huliweka katika `matches[2]`, kwa kuwa `matches[1]` ni sehemu yote iliyonaswa. Iwapo mchezo una majina kama "Mkuki wako wa chuma umevunjika", ongeza kipande cha hiari baada ya kimilikishi: `(?: (.+?))?`. Ukifanya hivyo, skripti ikague kwanza kama kipande hicho kimeleta kitu, kwa kuwa kinaweza kuwa kitupu.

Kosa la pili ni gumu kuliona. Neno "imevunjika" limo ndani ya "limevunjika", "kimevunjika", "vimevunjika" na "zimevunjika". Vivyo hivyo "amekufa" limo ndani ya "wamekufa". Triga inayotafuta kipande popote, ukiipa "amekufa" ili uhesabu adui mmoja mmoja, itahesabu pia mstari unaosema kwamba fisi wote wamekufa, na hesabu yako ya mapigano itaharibika bila wewe kujua ilipoanzia. Mpaka wa neno, `\b`, hutatua jambo hilo: `\bamekufa\b` inalikataa "wamekufa" kwa kuwa kabla ya "a" kuna herufi nyingine, si mpaka.

Kisha kuna king'ong'o. Ruwaza `^(\w+) anakushambulia` itamnasa Fisi, Chui na Nyoka, lakini haitamnasa Ng'ombe, kwa sababu `\w` ni herufi, tarakimu na mstari wa chini tu. Alama ya king'ong'o haimo. Tumia `\S+`, yaani chochote kisicho nafasi tupu, au `.+?` pale majina yanapokuwa ya maneno mengi kama "Mlinzi wa Lango". Alama hiyo yenyewe ina sura mbili. Ile iliyonyooka ni baiti moja, namba 39. Ile iliyopinda, ambayo simu na programu za kuandikia barua hupenda kuiweka zenyewe, ni baiti tatu: 226, 128 na 153. Ukitunga ruwaza kwenye simu, ukaituma kwa WhatsApp na kuibandika kwenye Mudlet, unaweza kuwa unamtafuta ng’ombe wa alama iliyopinda wakati seva inatuma ng'ombe wa alama iliyonyooka. Andika `Ng(?:'|’)ombe`, nawe utawanasa wote wawili.

Nichukue na mfano wa neno dogo kuliko yote, "na", ambalo kwetu huunganisha vitu na pia humtaja mtenda:

```
Unapewa mkate na asali na Mzee wa Kalenga.
```

Watu wengi wamefundishwa kwamba `.+`, yaani alama yoyote mara moja au zaidi, ni yenye ulafi, hunasa kadiri inavyoweza, na kwamba dawa yake daima ni `.+?`. Jaribu hapa. Ruwaza yenye ulafi, `^Unapewa (.+) na (.+)\.$`, hula mpaka "na" ya mwisho na kukupa "mkate na asali" upande mmoja na "Mzee wa Kalenga" upande wa pili, ambavyo ndivyo ulivyotaka. Ile isiyo na ulafi huishia kwenye "na" ya kwanza na kukuambia kwamba umepewa mkate na mtu aitwaye "asali na Mzee wa Kalenga". Akitokea mtoaji anayeitwa "Mama na Mwana", mambo yanageuka. Hakuna kanuni moja itakayokuokoa hapo. Inabidi ujue majina yaliyomo katika mchezo, au umwombe mtunzi abadili sentensi. Sisi tulibadili sentensi ikawa "Mzee wa Kalenga anakupa: mkate na asali."

Hatua ya tano: nanga na usalama

Alama ya kofia mwanzoni na alama ya dola mwishoni huifunga ruwaza kwenye ncha za mstari. Wengi huziacha kwa kuwa bila hizo triga hunasa kwa urahisi zaidi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa na triga iliyomsikiliza kiongozi wa msafara wetu: akisema "Nipe" na jina la kitu, mhusika wangu anampa aliyesema kitu hicho mara moja. Ruwaza ilikuwa `Nipe (\w+)`, na skripti ilisoma jina la msemaji kutoka mwanzo wa mstari. Nikiwa nimesimama katika chumba cha Soko la Mwanjelwa, mchezaji nisiyemfahamu alisema, "Nipe upanga," na upanga niliouhangaikia majuma mawili ukaenda. Hakuvunja kanuni yoyote. Mlango nilikuwa nimeuacha wazi.

Triga inayotoa mali, inayomfuata mtu au inayobadili hali ya mhusika lazima ifungwe pande zote na itaje vitu kwa orodha:

```
^Mkuu anasema, '[Nn]ipe (dawa|maji|chakula)\.?'$
```

Usikubali pia maandishi yaliyonaswa kutoka kwa wachezaji wengine yapitishwe kwenye `loadstring` au njia nyingine yoyote inayoyageuza kuwa msimbo. Mtu anaweza kuandika anachotaka katika maongezi, na kompyuta yako itakitekeleza.

Nanga zina adui mmoja, naye ni mstari uliokatwa. Seva nyingi hukata mistari mirefu kwenye alama ya 80 au karibu na hapo, na kilichokuwa katikati ya sentensi ya mtu kinajikuta mwanzoni mwa mstari mpya, mahali ambapo kofia inakikubali. Michezo mingi ina amri ya kuzima ukataji huo au kuongeza upana. Itafute katika msaada wa mchezo, uitumie, na uache programu yako ikunje mistari yenyewe kwa ajili ya kusomeka.

Mistari ya hali na mtandao unaosuasua

Mstari wa hali, ule unaobaki chini ukisubiri amri yako, mara nyingi haumaliziki na alama ya mstari mpya. Programu hutambua kwamba umekamilika kwa ishara iitwayo GA ya Telnet, ile njia ya mawasiliano kati ya programu na seva, ambayo ni baiti 255 ikifuatwa na 249, au kwa ishara ya EOR. Seva isiyotuma ishara yoyote huiacha programu ikisubiri na kukisia, na kwa intaneti ya simu inayosuasua, kama ya kwetu mvua za Machi zinapokazana, nusu ya mstari inaweza kuingia kwanza na nusu nyingine ikachelewa. Ruwaza yenye dola itakataa nusu hiyo ya kwanza, na isiyo na dola inaweza kuinasa namba iliyokatika, ikasoma 10 mahali pa 100. Kama seva unaimiliki, ifanye itume GA, kisha tumia katika Mudlet triga ya aina ya mstari wa hali. Kama huimiliki, uliza iwapo inatoa GMCP, njia ya pembeni inayopeleka uhai na nguvu kama data safi. Ikiwapo, itumie kwa kengele ya uhai badala ya triga.

Tukio linaloenea mistari miwili au zaidi linahitaji triga ya mistari mingi, ambayo hutimia pale ruwaza zake zote zinaponasa kwa mfuatano ndani ya idadi ya mistari uliyoitaja. Vilivyonaswa huwekwa katika `multimatches`, ambapo namba ya kwanza ni ya ruwaza na ya pili ni ya kundi. Wanaoendelea kuandika `matches[2]` humo hushangaa kupata kitu kisicho chao.

Hatua ya sita: skripti iliyo chini ya ruwaza

Kila kinachonaswa ni maandishi, hata kama ni tarakimu. Ukiandika `matches[2] < 30`, Lua itakataa kulinganisha maandishi na namba na kutoa kosa, jambo ambalo ni la heri, kwa kuwa utaliona. Ukijaribu kulinyamazisha kwa kuandika `matches[2] < "30"`, itakubali, lakini italinganisha kama kamusi inavyopanga maneno: "100" litakuwa dogo kuliko "30" kwa sababu 1 hutangulia 3, na "9" litakuwa kubwa. Kengele italia ukiwa mzima na itanyamaza ukiwa unakata roho. Tumia `tonumber`, inayogeuza maandishi kuwa namba.

Jambo lingine huwakuta wanaounda triga kutoka ndani ya skripti kwa `tempRegexTrigger`. Katika maandishi ya Lua mkwaju wa nyuma una kazi yake, na Lua 5.1 ambayo Mudlet huitumia huigeuza `"\d+"` kuwa `d+` bila kulalamika. Ruwaza yako itakuwa inatafuta herufi d. Andika `"\\d+"`, au zungushia ruwaza nzima mabano ya mraba mawili mawili, `[[^Uhai:\s+(\d+)]]`, nayo itabaki kama ulivyoiandika.

Angalia pia triga isijifyatue yenyewe. Jibu lako likirudishwa na seva kama mstari unaolingana na ruwaza ileile, mhusika atasema neno moja mara mia kabla hujaufikia mkono kuzima. Na kabla ya kuacha triga zicheze bila wewe kuwapo, soma kanuni za mchezo husika, kwani nyingi zinakataza.

Hatua ya saba: kuijaribu bila kufa

Kujaribu triga kwa kuingia vitani ni kazi ya polepole, na humjaribu mhusika kuliko inavyoijaribu ruwaza. Mudlet ina `feedTriggers`, inayopitisha maandishi kwenye triga kana kwamba yametoka kwenye seva. Katika TinTin++ amri ya `#showme` hufanya kazi hiyo. Hifadhi faili la mistari halisi uliyoinakili katika hatua ya kwanza, ile inayopaswa kufyatua na ile isiyopaswa, na uipitishe yote kila unapobadili alama yoyote. Mistari isiyopaswa kufyatua ndiyo wengi huisahau, nayo ndiyo ingelinda upanga wangu.

Skripti ya rafiki yangu, baada ya kurekebishwa, ilikuwa hivi:

```
local uhai = tonumber(matches[2])
if uhai and uhai < 30 then
  playSoundFile(getMudletHomeDir() .. "/kengele.wav")
end
```

Naye akaijaribu kwa mistari mitatu, akiacha muda kidogo kati ya mmoja na mwingine, simu ikiwa wazi:

```
feedTriggers("\nUhai: 100/100\n")
feedTriggers("\nUhai:  28/100\n")
feedTriggers("\nUhai:   5/100\n")
```

Kwa mstari wa kwanza nilisikia NVDA ikisoma namba na kunyamaza. Kwa wa pili kengele ililia, na kwa wa tatu ikalia tena. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nisikate simu, kwa kuwa alitaka kujaribu 30 na 29.